Fisi na Kundi la Maji Tu

Kabla sijaanza, zimeni simu. Wewe pia, uliyejificha nyuma ya mwenzako, nimekuona. Hadithi ya leo haitaki milio, na sababu yake mtaijua huko mbele. Haya, mmenyamaza? Basi sikilizeni.

Mwaka huo Bonde la Makorongo lilikauka. Mvua za vuli zilipita pembeni, za masika hazikuonekana kabisa, na mto ukabaki mchanga mtupu. Nyasi ziligeuka makapi. Vyura walihama bila kuaga. Kitu pekee kilichokuwa tele ni jua, na kwa kuwa simu za wanyama wa bonde lile zilichajiwa kwa jua, kila mmoja alikuwa na chaji ya kumwaga na hakuna aliyekuwa na maji.

Aliyewaokoa ni Tembo. Mzee yule alikuwa akipita juu ya mchanga wa makorongo akinusa kwa mkonga, na pale aliponusa unyevu alichimba kwa mguu mpaka kisima kikatokea. Lakini kisima cha mchangani si bwawa. Maji yalichuruzika asubuhi, yakadumu hadi jua la utosi, kisha mchanga ukayameza tena. Aliyechelewa alikuta tope. Na kisima kingine hakikupatikana kesho yake. Zilipita siku mbili, pengine tatu.

Ndipo Sungura alipofungua kundi kwenye simu, akaliita Maji Tu. Masharti yake hayakuzidi vidole vya kuku. Tembo akipata maji, aandike jina la korongo. Kila aliyesoma ajibu neno moja: "Nimeona." Wadogo wanywe kwanza na wakubwa wafuate, maana Tembo akivuta mkonga mara mbili tu kisima kimekwisha. Zaidi ya hapo, kimya.

"Hata salamu?" Tembo aliuliza.

"Hata salamu, babu. Tutaamkiana kisimani, ana kwa ana, koo zikiwa zimelowa."

Wapo walionung'unika kwamba dunia imeharibika, mdogo anamwandikia mkubwa bila shikamoo. Lakini walifuata, na kwa mwezi mzima hakuna aliyekufa kwa kiu.

Kosa lilikuja kwa mlango wa heshima. Wanyama waliona si adabu kundi la bonde zima kukosa Simba, wakamwingiza. Kisha wakaona si adabu Simba kuwa mwanachama wa kawaida, wakampa uadmini. Sungura akalazimika kumwachia peke yake, kwa sababu Simba hashiriki cheo na mtu yeyote.

Jambo la kwanza alilofanya Simba ni kubandika picha yake, ubavu mmoja, manyoya yamepeperushwa na upepo. La pili alifuta sharti la kukataza salamu.

"Mfalme aingie mahali asiamkiwe?" aliandika. "Hili ni kundi au ni msiba?"

Tangu siku hiyo kila kukicha ikawa "Shikamoo Mfalme," "Shikamoo Mfalme," "Shikamoo Mfalme," na Simba akijibu kila mmoja peke yake, "Marahaba," "Marahaba," "Marahaba." Ukitaka kujua maji yako wapi, ilikubidi uvuke shikamoo sitini na marahaba sitini. Wanyama wakavumilia. Ni heshima, walisema. Mnajua wenyewe tulivyo.

Halafu akaingia Fisi.

Fisi hakuwa na haja sana na maji ya Tembo. Yeye alijua kunyemelea tope na kulikamua kwa meno. Haja yake ilikuwa tumbo. Alikuwa amechanganya majivu, mafuta ya mifupa mizee na asali iliyochacha, akayatia kwenye vibuyu na kuyaita Mafuta ya Kukata Kiu. Bei yake mfupa mmoja kwa kibuyu. Na ujumbe wake wa kwanza ulikuja hivi:

"SHIKAMOO MFALME WETU MWENYE MANYOYA YA DHAHABU! Wapendwa wateja, MZIGO MPYA UMEINGIA! Paka puani mara mbili tu, kiu kwaheri! Ofa ya leo tu! Wahi kabla mzigo haujaisha! Nitafute pembeni!"

Ukafuatwa na picha ya kibuyu. Kisha kibuyu hichohicho kutoka upande wa pili. Kisha kibuyu na Fisi mwenyewe, anacheka.

"Ndugu Fisi," Sungura aliandika, "hapa ni maji tu."

"Ndiyo maana nimekuja, mpendwa mteja!" Fisi alijibu, na papo hapo akatuma tangazo lilelile tena.

Sasa kulikuwa na Mama Kanga. Huyu ndiye wa kumwangalia. Mama Kanga alikuwa na vifaranga wanane, na wa mwisho, Kidoti, alizaliwa mdogo kuliko yai lake. Simu ya Mama Kanga ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka, na kila ujumbe ilimbidi ausukume kwa mdomo, donoa, donoa, donoa. Picha tatu za Fisi zikiingia, simu ilijaa ikaganda, naye akawa anaitikisa huku akiisemesha kama mtoto mgonjwa.

Siku moja asubuhi Tembo aliandika, "Korongo la Mikwaju." Mama Kanga alikuwa bado anadonoa shikamoo za jana. Kabla hajaufikia ujumbe ule, Fisi alituma matangazo ishirini. Tembo akapandwa na hasira, akamwandikia Fisi waraka mrefu wa kumkanya, kuanzia ukoo wake mpaka miguu yake ya nyuma. Pundamilia akaongeza matusi yake. Nyani akamlaumu Pundamilia kwa lugha chafu. Mwingine akatuma picha ya ua kuwapatanisha. Fisi akawashukuru wote kwa "kuulizia bidhaa," akatuma matangazo mengine kumi.

Mama Kanga alipoufikia ule ujumbe wa Tembo, kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimejificha chini ya miguu. Alikimbia na vifaranga wanane nyuma yake. Korongo la Mikwaju walikuta tope, na kwenye tope alama za kwato za waliowahi.

Kidoti alikaa chini, akafumba macho.

"Mama, mimi nitalala kidogo."

"Usilale! Kidoti! Usilale, mwanangu, nakuomba!"

Sungura alimkuta pale, analia na kumpepea mtoto kwa bawa. Akakimbia akaleta tikiti mwitu kavu, wakalitwanga kwa jiwe, yakatoka matone manne. Kidoti akafumbua jicho moja. Yale matone manne, nawaambia, ndiyo yaliyobaki kati ya mtoto yule na kifo.

"Mjomba Sungura," alisema Mama Kanga, "kisima kijacho nikikikosa, huyu simpati tena. Najua mimi. Nimemzaa mimi."

"Hutakikosa, dada," alisema Sungura, na masikio yake, ambayo siku zote hayatulii, yalikuwa yamesimama wima.

Alikwenda moja kwa moja kwa Simba. Simba alikuwa amelala kwenye mwamba, simu imeegemezwa kwenye jiwe mbele yake, anajisomea salamu.

"Mtukufu, tunaomba Fisi atolewe kwenye kundi."

"Fisi?" Simba aliinua kichwa. "Yule kijana mwenye adabu? Leo peke yake ameniamkia mara thelathini na moja. Na wewe Sungura, nimekutafuta hapa tangu alfajiri. Umeniamkia mara ngapi?"

"Mara moja, Mtukufu."

"Mara moja! Na hukutaja manyoya."

"Mtukufu, anaamkia ili asitolewe. Chini ya kila shikamoo kuna kibuyu. Ujumbe wa maji unafunikwa."

"Mimi sijaona kibuyu chochote," alisema Simba, na alikuwa anasema kweli, kwa sababu akishasoma manyoya yake hasomi tena. "Nenda. Na ukifika, niamkie kwenye kundi, wengine waone."

Sungura akaondoka akiwa ameukunja uso. Njiani alikaa chini ya mti wa miiba akaanza kuyapitia yale matangazo yote, moja moja, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kulifanya. Pundamilia alikuwa amemwandikia Fisi, "Mama yako!" Fisi akajibu, "Asante mpendwa mteja, vimebaki viwili!" Tembo alikuwa amemwandikia, "Nitakukanyaga." Fisi akajibu, "Karibu sana, tunapeleka mpaka mlangoni!" Sungura akacheka peke yake mpaka akashika mbavu.

"Hasomi!" alisema. "Huyu anatuma tu. Tangu aingie hajasoma neno hata moja!"

Siku ile Sungura alizunguka bonde zima kwa miguu, akinong'ona kwenye masikio makubwa na madogo. Mama Kanga aliposikia mpango, alishtuka.

"Tunahamia kundi jipya, sawa. Lakini kwa nini utangaze humohumo? Fisi ataona! Atatufuata!"

"Dada, mimi simfichi mtu maji wakati wa ukame. Nitaliandika peupe, asije akasema hakuambiwa. Akisoma, akafuata sharti, aje anywe, haki yake. Simba vilevile."

"Na akisoma akaja na vibuyu vyake?"

"Akisoma," alisema Sungura, "nitamwamkia Simba mara mia."

Mama Kanga hakucheka. Alimtazama Kidoti, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa kichuguu kwa sababu miguu haikumbeba vizuri. "Mchezo wako huo uwe na mwisho mwema," alisema, "maana mimi nimeuwekea mtoto rehani."

Kesho yake jua lilipogusa ncha ya mwamba, Sungura aliandika kwenye kundi:

"Kundi hili linahama. Kundi jipya ni Maji Tu la Pili. Anayetaka kuingia aandike kwenye mlango wake neno moja peke yake, Nimeona. Admini ni Mama Kanga. Kesho Tembo anachimba Korongo la Pelu."

Ukakaa pale, ujumbe mzima, wazi kama meno. Bonde lote likazuia pumzi. Mama Kanga alihesabu mapigo ya moyo wake. Huko pangoni kwake, Fisi alichukua simu. Kila mtu aliona pale juu: Fisi anaandika... Fisi anaandika...

"Ameona," alinong'ona Mama Kanga. "Yarabi, ameona."

"SHIKAMOO MFALME WETU MWENYE NGURUMO TAMU! Wapendwa, MZIGO MPYA..."

Sungura alianguka chali kwa furaha. Kisha, kwa kuwa yeye ni Sungura na hawezi kuliacha jambo lilivyo, akaandika: "Ndugu Fisi, hivi vibuyu vinakuja kwa ukubwa gani?"

Lo! Kumuuliza mchuuzi swali lenye neno kibuyu, neno pekee ambalo jicho lake hulikamata! Fisi alikaribia kuzimia. Alituma vibuyu vidogo, vya kati, vikubwa, vya familia. Alituma vibuyu vimepangwa, vibuyu vimelazwa. Alituma ushuhuda wa wateja sita, wote sita wakiandika kwa makosa yaleyale. Matangazo sabini na tisa kwa mpigo mmoja, na kila moja likianza na shikamoo. Ule ujumbe wa Sungura ukazama chini ya vibuyu, na aliyeuzamisha ni Fisi kwa mkono wake mwenyewe.

Chini kabisa ya yote, mmoja mmoja, vikatokea vijistari vidogo: Pundamilia amejiondoa. Nyani amejiondoa. Tembo amejiondoa. Simba hakuviona, alikuwa anahesabu salamu. Kufikia adhuhuri kundi la bonde zima lilikuwa na wanachama wawili. Mmoja anaamkia, mwingine anaitika.

Asubuhi iliyofuata kwenye Maji Tu la Pili ulikuwepo ujumbe mmoja tu. "Korongo la Pelu. Tayari." Mama Kanga aliudonoa mara moja, simu haikuganda. Akaandika "Nimeona," akawaamsha watoto.

Alimbeba Kidoti mgongoni, kati ya mabawa. Njia nzima hakusikia sauti yake, naye aliogopa kugeuka kumtazama. Walipofika, kisima kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, maji meupe, yanatikisika. Tembo alisimama kando, mkonga umekunjwa ili usimponyoke. Ndege walikuwa wanakunywa, na kwanza kabisa wakampisha Mama Kanga.

Akamshusha Kidoti. Mtoto akabaki ameinamisha kichwa.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa basi."

Kidoti alichovya mdomo. Akainua kichwa juu, kama kuku wanavyofanya, na koo lake jembamba likatikisika. Akachovya tena. Mara ya tatu alijitumbukiza mzima mzima, ikabidi Tembo amtoe kwa ncha ya mkonga, naye akatoka analia kwa sauti kubwa kwamba hajamaliza. Mama Kanga hakuwahi kusikia kilio kizuri namna ile. Alikaa chini kwenye mchanga akacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemwona mjinga.

Wakati huohuo, kwenye kundi la zamani, Simba alikuwa na kiu. Alisoma kioo chake juu mpaka chini, bila kupanda kwenye za jana. Shikamoo, kibuyu, shikamoo, kibuyu. Hakuna aliyetaja maji. Basi maji hakuna bonde zima, alijiambia, na kwa mara ya kwanza akasoma tangazo mpaka mwisho.

"Lete hayo mafuta," aliandika.

Mteja wa kwanza! Fisi alikimbia na vibuyu sita shingoni. Simba akapaka puani mara mbili, kiu ipo palepale. Akapaka kidevuni. Akamwaga vibuyu vyote kwenye manyoya. Asali iliyochacha na mafuta ya mifupa vikapata moto wa jua, na nzi wa bonde zima, ambao nao walikuwa wamekosa kazi kwa ukame, wakapata habari. Manyoya ya dhahabu yakagandana na kidevu, kidevu kikagandana na kifua. Simba akataka kunguruma, ikatoka "mmmf."

"Ofa, Mfalme wangu!" alisema Fisi akirudi kinyumenyume. "Cha saba ni bure!"

"MMMF!"

Fisi akatimua mbio, Simba nyuma yake, nzi nyuma ya Simba. Wakavuka kilima, wakateremka, na mbio zile zikawamwaga wote wawili katikati ya Korongo la Pelu, mbele ya wanyama walioloa mpaka vifuani. Kisimani kulikuwa kumebaki tope.

Kidoti akauliza kwa sauti ya juu, "Mama, yule mwenye gundi ni nani?"

Wanyama walicheka, wacheni. Pundamilia aligaragara. Hata Tembo aliyatikisa masikio. Sungura alimsaidia Simba kunyofoa kidevu kwenye kifua kwa mchanga wenye unyevu, polepole, na Simba akavumilia bila kudai chochote.

"Kwa nini hamkutuambia?" Fisi alifoka. "Mmetuficha maji! Huu ni ubaguzi! Huu ni unyama!"

"Tulikuambia," alisema Mama Kanga. Hakupaza sauti. "Kaka Fisi, jana asubuhi tulikuambia, kwenye kundi lako, mbele ya macho yako. Mwanangu alikaribia kufa akitafuta maji chini ya vibuyu vyako. Sasa kaa hapo, nawe utafute."

Fisi alikaa. Akafungua simu, akaanza kupanda. Kibuyu cha familia. Kibuyu cha kati. Ushuhuda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kwa mara ya kwanza maishani alisoma matangazo yake mwenyewe, sabini na tisa yote, jua likimchoma kisogo, ulimi nje, na kufikia la hamsini alisikika akisema, "Hivi huyu jamaa hachoki?"

Mwishowe aliufikia. Aliusoma mara mbili.

Simba, aliyeelezwa sharti na Sungura, alikuwa amekwisha kuomba kuingia. Aliandika neno moja, akalifuta, akaanza kuandika jambo kuhusu cheo, akalifuta nalo. Kisha akaandika "Nimeona," akasubiri kama wengine, na Mama Kanga akampokea. Hajarudishiwa uadmini mpaka leo, na salamu zake anazipata kisimani, nyingi tu, kutoka kwa wenye koo zilizolowa. Anasema ni tamu kuliko zile za zamani.

Fisi naye akasogea kwenye mlango wa kundi jipya. Neno moja tu, jamani. Herufi saba. Bonde zima lilimtazama akiandika, na wengine, nawaambia ukweli, walimwombea, kwa sababu kiu ni kiu.

"Nimeona," aliandika Fisi. Kidole kikataka kuendelea. Akakishika kwa mkono wa pili. Kikamshinda. "Nimeona. Na kwa wale mnaokwaruzwa na mchanga, MZIGO MPYA..."

Mama Kanga alishusha mdomo kwenye kioo chake kilichopasuka, akadonoa mara moja mahali pa kukataa.

Mpaka leo Fisi anakamua tope kwa meno, na kila siku Tembo akichimba, anakuja tena mlangoni na kujaribu tena. Juzi juzi alifika mpaka nukta. Mama Kanga alishakuwa ameinua kichwa afurahi, kisha chini ya nukta ikaingia picha ya kibuyu.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoketi, nami siinyanyui tena. Mnaweza kuwasha simu. Ila kabla hujatuma kitu kwenye kundi la watu, jiulize kuna mama gani huko mwisho, mwenye kioo kilichopasuka, anayetafuta ujumbe mmoja tu. Mmesikia? Basi msinijibu kwa picha za maua. Neno moja linatosha.